Nani Anashika?

Mwaka nilioacha chuo (mwaka wa tatu, karo, si hadithi ndefu) nilirudi Kilungu na laptopu moja na kazi moja ya mtandaoni. Nilikuwa nikiandika maelezo ya bidhaa kwa kampuni ya ng'ambo. Meza niliiweka jikoni kwa susu, hapo juu karibu na Nunguni, kwa sababu ndipo stima ilipokuwa imefika.

Kampuni ile, ambayo siitaji, ilinipa programu ya kuhesabu kazi. Haikuhesabu maneno. Ilihesabu mara ngapi kipanya kimesogea na kibodi imeguswa katika kila dakika 10. Dakika 10 ambazo hukugusa kitu hazilipwi. Sasa mimi kabla ya kuandika husoma kwanza, tena kwenye karatasi, halafu nakaa natazama mlima. Wiki ya kwanza nilifanya kazi saa 40, nikalipwa 23.

Rafiki yangu wa chuo akanitumia kiprogramu cha mistari minane. Ukikiwasha, mshale unatembea wenyewe kwenye skrini. Unabofya hapa, unangoja, unabofya pale. Susu aliingia na chai akauona.

"Nani anashika?" akauliza.

Hakuna mtu, nikamwambia. Akaweka kikombe mbali kidogo na ile mashine.

Swali lake lilinikaa. Kumbe waliotengeneza kompyuta wamelikwepa na kulirudia kwa miaka mingi. Kalamu ilitangulia: mwaka 1963, huko MIT Marekani, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, programu aliyochorea moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Kipanya kikaja hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, mikononi mwa Douglas Engelbart. Cha kwanza kabisa kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoundwa na Bill English.

Ila kipanya hakijui kiko wapi mezani. Kinachotuma ni hatua tu: tatu kulia, moja chini, kitufe kimebonyezwa. Mfumo wa kompyuta unazipokea habari hizo, unazipanga foleni, na programu inazisoma moja moja, kama karani anayepokea barua kupitia tundu la dirisha. Karani haoni mkono. Kwa hiyo yeyote anayeweza kupenyeza barua kwenye ile foleni, kwa karani yule, ndiye mkono.

Mwaka 1983, kabla Macintosh haijaingia sokoni, Steve Capps wa Apple aliandika programu ndogo aliyoiita Monkey, yaani tumbili. Kazi yake ilikuwa kubofya na kuchapa ovyo ovyo bila kuchoka, ili wahandisi waone MacPaint na MacWrite zitaanguka wapi. Shida ni kwamba tumbili akipapasa kila kitu, hatimaye hubofya amri ya kufunga programu na mchezo unaishia hapo. Wakaweka alama kwenye mfumo iliyoitwa MonkeyLives, ili programu iweze kuangalia kama anayeishika sasa ni tumbili, na ikiwa ndiye, ikatae kufungwa. Swali la susu, kasoro chai.

Tangu hapo mikono ya bandia imeongezeka. Windows 8, ya mwaka 2012, iliwaruhusu waandishi wa programu kuigiza mguso wa skrini, hadi vidole 256 kwa mpigo mmoja. Vidole vya ukoo mzima! Windows 10 ya mwishoni mwa 2018 ikaongeza kalamu, na unaweza kuiambia ikandamize kwa nguvu kuanzia 0 hadi 1024, na iinamie upande gani. Android nayo, tangu toleo la 7 la mwaka 2016, inaziruhusu programu za kuwasaidia watu wenye ulemavu kuigusa skrini kwa niaba yao. Hiyo kwangu ndiyo sababu bora kuliko zote. Asiyeweza kuinua mkono anapata mkono.

Vivinjari vya intaneti vikaja na ukaguzi wao. Kila mbofyo una kijialama kiitwacho isTrusted: umetoka kwa mtumiaji, au umetungwa na msimbo wa ukurasa wenyewe? Lakini kivinjari nacho ni karani. Kibofyo kikitungwa chini zaidi, kwenye mfumo wa kompyuta, kivinjari kinakiamini.

Huku kwetu, kutaka kidole kitoe ushahidi wa kazi ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa, akaivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, huna ruhusa ya kwenda kwingine. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 baada ya kuongoza upinzani ambao kipande kilikuwa moja ya malalamiko yake makubwa. Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30, ukipata alama kila siku unapomaliza kazi uliyopimiwa.

Kipande cha Kenya kilimjua mwenye kidole. Programu yangu haikumjua hata huyo. Ilijua kidole kimegusa, basi.

Nilimweleza susu haya, akacheka, akaniambia kisa cha mama yake. Wakati wa mkoloni, Kilungu ikiwa bado chini ya wilaya ya Machakos, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Askari akiwa karibu, alisema, majembe yalipanda na kushuka vizuri sana, kwa mpangilio, na hayakuingia udongoni. Akipita, watu wanapumzika. Baadaye wanawake walichimba matuta kwa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna aliyewahesabia. Asiyekuja alijulikana kwa pengo lake kwenye mstari. Nikitazama mlima kutoka pale dirishani, hayo matuta ndiyo ninayoyatazama.

Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliripotiwa kuwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza kugusa kibodi ili waonekane wako kazini. Nilisoma habari hiyo nikajisikia vibaya, halafu nikajisikia nina wenzangu. Mimi nilidumu wiki tatu. Kiprogramu changu kilibofya kila baada ya sekunde 47 kamili, usiku na mchana, na mkono wa mtu hauwezi kunyooka hivyo. Akaunti ikafungwa, malipo ya wiki ya mwisho yakazuiliwa. Makosa yalikuwa yangu, sikatai. Ila maelezo yote niliyoandika, yale niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe baada ya kutazama mlima, yalikuwa yamekubaliwa, na yangali kwenye tovuti yao.

"Kwani hawakukurudishia maandishi?" susu aliuliza.

Nikamwambia hapana.

"Basi waliona umechimba," akasema, akaenda kufungia mbuzi.