DIA, FIDIA NA MIRATHI: ASILI YA ISTILAHI ZA MADAI YA KIFO

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa sheria ni zile zihusuzo haki ya jamaa za marehemu aliyekufa kwa kosa la mtu mwingine. Maneno dia, fidia, mirathi na rambirambi hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni mamoja, ilhali kila moja lina asili yake. Katika makala haya tunakusudia kuipambanua asili hiyo, kwani neno likikosewa hapa, anayedhurika ni mjane na watoto wake.

Neno kongwe zaidi katika jambo hili ni dia. Limetujia kutoka Kiarabu pamoja na sheria ya Kiislamu, ambayo humtaka aliyemwua mtu kwa bahati mbaya awalipe jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Kipimo mashuhuri cha dia ya mwanamume ni ngamia 100. Yafaa ikumbukwe kwamba dia ni malipo ya uhai wenyewe. Haiulizi marehemu alikuwa akipata nini. Tena hugawanywa kwa warithi kwa mafungu ya mirathi.

Sheria ya Kiingereza ilishika njia nyingine kabisa. Mwaka 1808, katika shauri la Baker na Bolton, mume alidai baada ya gari la farasi kupinduka na mkewe kufariki kiasi cha mwezi mmoja baadaye. Jaji Ellenborough aliamua kwamba kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama dhara katika mahakama ya madai. Mume alipata paundi 100 kwa majeraha yake na kwa kukosa uenzi wa mkewe hadi siku ya kufa kwake tu. Basi ikawa nafuu kwa mkosaji kuua kuliko kujeruhi! Wakati huohuo ilikuwako kanuni ya kale ambayo kwayo kitu kilichoua, kama vile gari au farasi, au thamani yake, kilitwaliwa kwa Mfalme.

Reli zilipoenea na ajali kuongezeka, hali hiyo haikuvumilika. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza liliifuta kanuni hiyo ya kale, na mwaka huohuo likatunga sheria iliyoitwa kwa jina la Lord Campbell, iliyowapa mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kudai. Sheria hiyo haikuweka bei ya uhai. Ilipima hasara iliyowapata wale waliomtegemea marehemu.

Wazo hilo ndilo lililoletwa kwetu wakati wa ukoloni: Kenya mwaka 1946, na Tanganyika katika miaka ya 1950. Likapewa jina la fidia, neno ambalo kwa asili ni malipo ya kumkomboa mtu. Hesabu yake huwa hivi: ikiwa marehemu alikuwa akiwatunza watu wake kwa shilingi 200,000 kila mwezi, hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka, na mahakama ikiona kwamba msaada huo ungaliendelea miaka 10, itapata 24,000,000. Sisi twapendekeza kiasi cha mwaka kiitwe kizidishwa na idadi ya miaka iitwe kizidisho, maneno ambayo mwalimu wa hesabu anayo tayari.

Hapa ndipo tofauti ya istilahi inapokuwa tofauti ya mkate. Dia hufuata urithi. Fidia hufuata utegemezi. Karani akiandika "warithi" mahali pa "wategemezi", ndugu wa marehemu aweza kudai fungu katika fedha ambazo sheria iliwakusudia mjane na watoto. Lakini yako pia madai mengine, yale ambayo marehemu mwenyewe angalikuwa nayo, kama vile maumivu aliyoyapata kabla ya kufa. Hayo huingia katika mali yake, nayo ndiyo hugawanywa kwa warithi. Msimamizi wa mirathi aweza kuyaleta yote mawili mahakamani, mfasiri asiyachanganye.

Rambirambi nayo ni mkono wa pole, wala si malipo ya haki. Familia ikipewa bahasha msibani na kutiwa saini karatasi, ni lazima lugha ya karatasi ile iseme wazi kama ni rambirambi au ni fidia iliyokamilika. Na siku hazingoji: nchini Kenya madai ya wategemezi hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya kifo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania. Kazi ya wafasiri, basi, si ya kupamba tena. Twashauri dia ibaki kwa maana yake ya sheria ya Kiislamu, fidia itumike kwa hasara ya wategemezi, na mirathi kwa mali ya marehemu. Mjane hana budi kuielewa hukumu yake aisomewapo, bila kumtafuta mkalimani.