Malisho ya Isiolo na Moshi wa Nchi za Mbali

Msomaji, ukipita katika mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, moshi utakaouona ni wa majiko ya mkaa na wa malori yaendayo Moyale. Bomba refu la kiwanda hulioni. Hata hivyo mji huu umeingia katika historia ya mapatano ya mataifa juu ya moshi wa viwanda, wala haukuingia kwa mlango wa mitambo, bali kwa mlango wa nyasi. Jambo hilo lataka kuelezwa tangu mwanzo wake.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili mataifa ya Ulaya, na baadaye Marekani na mengineyo, yalichoma makaa ya mawe na mafuta ili kuendesha mashine zao. Hewa ya ukaa iliyotoka humo haikupotea. Ilikusanyika angani na kulizuia joto lisitoke. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, yakakubaliana kwamba hapana budi kuipunguza. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Desemba 1997, katika mji wa Kyoto nchini Japani, nchi tajiri ziliahidi kupunguza hewa hizo kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990, katika muda wa 2008 hadi 2012. Marekani ilitia sahihi, lakini haikuuidhinisha mkataba huo.

Sasa, mwenye kiwanda aliyetakiwa kupunguza moshi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubadili mitambo yake ili kazi ile ile ifanywe kwa nishati kidogo zaidi. Njia hii ni ya gharama na taabu, lakini matokeo yake hupimwa pale pale bombani. Ya pili ni kumlipa mtu mwingine, mahali pengine, apunguze hewa hiyo kwa niaba yake. Kila tani moja ya hewa ya ukaa iliyozuiwa au kuhifadhiwa huandikiwa hati moja, na hati huuzwa. Kando ya mikataba ya serikali likazuka soko la hiari, ambamo kampuni yoyote yaweza kununua hati na kutangaza kwamba imeufidia moshi wake. Naona urahisi wa njia hii ya pili ndio uliowapendeza wengi.

Soko hilo ndilo lililofika Isiolo. Northern Rangelands Trust, shirika lililoundwa mwaka 2004 kusimamia hifadhi za jamii za kaskazini mwa Kenya, lilianzisha mradi wa kuuza hati zitokanazo na udongo wa malisho. Hesabu za mradi zilianzia mwaka 2013, na eneo lake lilikuwa takriban hekta milioni 1.9. Miongoni mwa wanunuzi zilikuwamo kampuni za Marekani, Meta na Netflix. Wazo lake si gumu kufahamika. Nyasi huvuta hewa ya ukaa na kuipeleka mizizini. Mizizi inapokufa, sehemu ya ukaa hubaki udongoni. Ng'ombe wakiachwa mahali pamoja hata nyasi zikaisha, mizizi hudhoofika. Wakihamishwa kwa mpango, nyasi hupata nafasi ya kuota tena, na akiba ya udongo huongezeka.

Hapa, msomaji, nakuomba utulie kidogo, maana ndipo penye fundo la habari yote. Hati ya namna hii ina thamani tu ikiwa mradi umeleta jambo ambalo lisingalikuwapo bila yake. Lakini Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Nyiro, walikuwa na utaratibu wao wa deedha tangu zamani. Wazee wa deedha huamua ni malisho yapi ya masika, yapi ya kiangazi, na yapi yafungwe kabisa yawe akiba ya mwaka wa njaa. Huamua pia nani anywe kisima kipi, na lini. Mpango wa kuhamisha mifugo ulikuwapo basi kabla soko la hati halijazaliwa. Mwezi wa Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa taarifa likishikilia hoja hiyo, na likauliza kama watu wenye malisho walielezwa vema kilichokuwa kikiuzwa. Northern Rangelands Trust iliyakana madai hayo, nayo ina jawabu la kusikilizwa: mapato ya hati yalizifikia hifadhi, na ukame na vita vya silaha vilikuwa vimeudhoofisha utaratibu wa kale mahali pengi.

Lakini kumbukumbu za watu wa Isiolo ni ndefu. Wakati wa ukoloni mifugo ya kaskazini ilizuiwa katika karantini ya Isiolo kabla ya kuruhusiwa kwenda sokoni kusini. Katika vita vya shifta, baina ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya wafugaji kambini, Garba Tulla na Merti, na wengi walipoteza mifugo yao. Watu waliopitia hayo hawapokei kwa wepesi ramani mpya ya malisho, hata ikiletwa kwa nia njema.

Mwaka 2021 wakazi 165 walikwenda mahakamani. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha Katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Kesi yenyewe haikuwa ya hewa ya ukaa. Ilikuwa ya ardhi. Lakini bila hifadhi halali, hati za udongo wake zasimama juu ya nini? Ndivyo hukumu ya mji mdogo ilivyotikisa hesabu za makampuni ya ng'ambo.

Sheria za Kenya zilikwisha kuyagusa mambo haya. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaagiza kwamba mradi wa ardhini uilipe jamii asilimia 40 au zaidi ya mapato ya mwaka, gharama zikiisha kutolewa. Nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema mapatano na mwekezaji si halali mpaka yakubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano uliohudhuriwa na theluthi mbili yao. Kwa wakazi wa Bulla Pesa kuitisha mkutano kama huo si kazi kubwa. Lakini kwa jamii ya Merti, wakati wa kiangazi, vijana wamo malishoni safari ya siku kadha, na hakuna ajuaye watarudi lini kabla mvua haijanyesha.