Kwale wa Protogenes

Washairi chipukizi huniuliza swali moja mara nyingi kuliko yote: nitajuaje kwamba shairi langu limekwisha? Si swali la vina wala la mizani. Mambo hayo mawili yana kanuni, na kanuni hufundishika. Leo namwomba msomaji aniwie radhi nimtoe katika pwani yetu, nimpeleke katika kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, ambako wachoraji wawili walipata kutofautiana juu ya swali hilihili.

Wa kwanza ni Apelles, aliyemchora Aleksanda Mkuu, na ambaye watu wa kale walimweka mbele ya wachoraji wote. Wa pili ni Protogenes, mkazi wa Rhodes, aliyeanza maisha yake ya kazi katika ufukara. Wako waliosema kwamba alikuwa akipaka rangi merikebu mpaka alipotimiza umri wa miaka 50. Habari zao nyingi tunazipata kwa Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, katika kitabu cha 35 cha kazi yake kubwa juu ya maumbile. Michoro yenyewe imepotea yote. Kilichobaki ni maneno ya walioiona, na maneno ya waliosikia kwa walioiona.

Pliny anasimulia kwamba Apelles alisafiri mpaka Rhodes kwa hamu ya kuziona kazi za mtu aliyemjua kwa sifa tu. Alipofika nyumbani hakumkuta mwenyeji. Alimkuta bibi kizee akilinda ubao mkubwa uliokwisha kutayarishwa kwa kuchorwa. Bibi alipouliza amwambie bwana wake kwamba amekuja nani, Apelles alishika brashi, akapitisha ubaoni mstari mmoja wa rangi, mwembamba mno, akaenda zake. Protogenes aliporudi aliutazama mstari ule akajua ni mkono wa nani. Naye akachora juu yake mstari mwembamba zaidi, kwa rangi nyingine, akaondoka tena. Apelles akarejea, akaona haya kushindwa, akaipasua mistari yote miwili kwa mstari wa tatu, hata pasibaki nafasi ya mwingine. Mwenyeji akakiri kushindwa, akakimbilia bandarini kumtafuta mgeni wake.

Ubao huo ulihifadhiwa, ukafika Roma, na mwishowe ukateketea kwa moto katika jumba la Kaisari. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiutazama kwa mshangao. Ulikuwa mpana na kama mtupu, hauna kitu ila mistari ambayo jicho liliishika kwa shida, nao ukasifiwa kuliko picha zilizojaa zilizokuwa kando yake. Mimi huona kwamba wazee hao wawili walikuwa na busara kuuacha vile. Kila mmoja angeweza kuongeza sura ya mtu pale.

Hata hivyo, Protogenes hakujulikana kwa nyuso tupu. Kazi yake iliyovuma zaidi ni picha ya Ialysos, shujaa wa ngano za kisiwa hicho. Plutarch anasema aliifanyia kazi miaka 7. Pliny anaongeza kwamba aliipaka rangi tabaka 4, ili la juu likibanduka, la chini lichukue nafasi yake. Na kwamba muda wote huo alikula mbegu za jamii ya kunde zilizolowekwa, asije akaipumbaza akili kwa vyakula vitamu. Katika picha hiyo alikuwamo mbwa anayehema, na povu mdomoni. Povu hilo lilimtesa. Kila alipolichora lilionekana kuwa limechorwa, wala halikuonekana kutoka kinywani. Akafuta, akabadili brashi, akafuta tena, hata hasira ikampanda akaurushia ubao sifongo lake la kufutia. Lilipogonga pale, rangi zikatawanyika, na povu likawa povu.

Apelles alipoionyeshwa picha ya Ialysos alikosa la kusema. Baadaye alikiri kwamba ni kazi kubwa na ya ajabu, lakini imepungukiwa na ule uzuri mwepesi ambao Wagiriki waliuita neema. Na kwa Pliny tunapata hukumu yake kamili: kwamba Protogenes ni sawa naye katika mambo yote, au amemzidi, isipokuwa jambo moja, nalo ni kwamba yeye Apelles anajua wakati wa kuondoa mkono ubaoni. Hayakuwa maneno ya kijicho. Ni Apelles huyohuyo aliyezinunua picha za Protogenes kwa bei kubwa wakati watu wa Rhodes walipokuwa wakizipuuza, akaeneza habari kwamba atakwenda kuziuza kama zake, mpaka wenyeji wakazinduka.

Nidokeze jambo la lugha kwa kupita. Neno la Kilatini alilotumia Pliny kwa ubao wa mchoraji ndilo pia neno la ubao wa mwanafunzi wa kuandika. Kiswahili nacho kina neno moja kwa ubao wa darasani na ubao wa mtoto wa chuoni, ule unaoandikwa, ukaoshwa, ukaandikwa tena. Kuondoa mkono ubaoni ni jambo ambalo mwalimu yeyote analielewa kwa viganja vyake.

Basi hukumu hiyo ya Apelles ndiyo iliyodumu, na kwa karne nyingi jina la Protogenes limekuwa mfano wa mtu asiyejua kuacha. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi, na sikubali mtu ahukumiwe kwa ushahidi wa mshindani wake peke yake, hata akiwa mshindani mwungwana. Tumsikilize shahidi mwingine.

Mwaka 305 KK Demetrius, mfalme wa kivita aliyepewa lakabu ya Mhusuru Miji, aliuzingira mji wa Rhodes. Protogenes alikuwa katika bustani yake nje ya kuta, katikati ya kambi ya adui, na hakuacha kuchora. Alipoulizwa anajiaminije kukaa pale, alijibu kwamba anajua mfalme anapigana na watu wa Rhodes, hapigani na sanaa. Demetrius akamwekea walinzi, akawa anakwenda mwenyewe kumtazama akifanya kazi. Picha aliyoichora siku hizo ilikuwa ya Satiri aliyepumzika. Satiri ni kiumbe wa ngano za Kigiriki, mwenye asili ya mtu na ya mnyama.

Strabo, mwanajiografia, anaieleza picha ya Satiri ya Protogenes hivi. Satiri amesimama kando ya nguzo, na juu ya nguzo ametua kwale. Picha ilipowekwa hadharani, watu walimkodolea macho kwale, wakamsahau Satiri. Wafugaji wa kwale wakawaleta ndege wao. Nao walipoona yule wa pichani wakamlilia, na umati ukashangilia. Protogenes akaona kwamba kazi imegeuka kuwa pambo la kando, na pambo limekuwa kazi. Akawaendea wasimamizi wa eneo takatifu, akawaomba ruhusa ya kumfuta ndege. Wakamruhusu, akamfuta.

Kwale yule hakuwa kosa la mkono. Alikuwa amechorwa vizuri kuliko kitu kingine chochote pale, na ubora wake ndio uliomponza. Ushairi wetu wa jadi unamzuia mtunzi asimwage maneno: mizani 8 kwa 8, mishororo 4, kina cha kati na cha mwisho. Lakini arudhi haimwambii beti ziwe ngapi. Miongoni mwa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, alizozihariri William Hichens zikachapwa mwaka 1940, zimo zilizokamilika kwa ubeti mmoja. Muyaka hakuishiwa na maneno.

Mimi sikulijua hilo nilipolihitaji. Miaka ya nyuma, msichana wa Kidato cha Tatu aliniletea shairi la beti 4 juu ya kinu cha bibi yake. Kinu kimeachwa uani, mvua imekijaza maji, kuku wanakuja kunywa. Kifo hakikutajwa. Nami kwa wino mwekundu nikaandika pembeni: eleza zaidi, bibi alikuwa nani, aliugua nini, mazishi yalikuwaje. Mtoto mtiifu, akarudi na beti 11. Ubeti wa tisa, wa wanaume waliobeba jeneza wakivuka mto jioni, ulikuwa mzuri kupita kiasi. Ndio watu waliousifu shairi lilipochapwa katika gazeti la shule. Hakuna aliyenitajia kinu.

Tulikutana mwaka juzi kwenye arusi. Siku hizi naye ni mwalimu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia kwamba nilimharibia shairi. Alicheka, kisha akasema, "Mwalimu, zile saba nilizitunga usiku mmoja. Zile nne zilinichukua muhula mzima." Nikamuuliza kama anazo. Hakuwa nazo. Alikuwa na lile la gazetini tu.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa bado katika jalada langu, na wino wangu pembeni. Nilimnakilia kwa mkono, nikaishia pale alipoishia yeye.