Annie Moore hakwenda Texas

Tarehe 1 Januari 1892, asubuhi, kivuko kilichopambwa kwa bendera kilifunga kamba kwenye Kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Serikali ya Marekani ilikuwa imemaliza kujenga kituo kipya cha kupokelea wahamiaji, jumba kubwa la mbao, na siku ile ndiyo lilikuwa likifunguliwa. Inasimuliwa kwamba Mjerumani mmoja wa miraba minne alikuwa ameshaweka mguu kwenye ubao wa kushukia, akarudishwa nyuma ili binti atangulie. Binti mwenyewe alikuwa Annie Moore wa Cork, kusini mwa Ayalandi, na alikuwa na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Kanali John B. Weber, mkuu wa kituo, akamkabidhi sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Magazeti yakaandika kwamba siku ile ndiyo alikuwa akitimiza miaka 15. Haikuwa kweli. Annie alizaliwa mwaka 1874, kwa hiyo alikuwa na miaka 17, na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado miezi kadhaa. Waandishi walitaka habari tamu ya Mwaka Mpya wakaipata. Hadithi ya Annie Moore ilitiwa chumvi tangu siku yake ya kwanza, na chumvi hiyo ilikuwa ndogo ukilinganisha na iliyofuata.

Kituo cha Ellis kilifanya kazi hadi 1954, wakapita watu wapatao milioni 12. Wote hao wana wa kwanza wao, naye ni huyu. Ndiyo maana miaka ya baadaye, Wamarekani walipoanza kuona fahari katika jambo ambalo wazazi wao walilionea haya, yaani kushuka melini na furushi, watu walianza kuuliza: yule binti aliishia wapi?

Jibu likapatikana upesi, nalo lilikuwa zuri. Annie alielekea magharibi, walisema, mpaka Texas. Huko aliolewa na mwanamume wa ukoo wa Daniel O'Connell, yule mwanasiasa aliyewapigania Wakatoliki wa Ayalandi hadi 1829 wakaruhusiwa kuingia Bunge la London. Mwisho wake ukawa wa kusikitisha: aligongwa na tramu karibu na Fort Worth. Hadithi ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na safari ndefu, jina kubwa na kifo cha ghafla. Ikaingia vitabuni, na watu wa ukoo ule wa Texas wakaalikwa kwenye sherehe kama wageni wa heshima.

Nisieleweke vibaya. Ukoo ule haukumlaghai mtu. Waliamini kile walichoambiwa nyumbani, kwamba bibi yao alikuwa Annie Moore, na kweli aliitwa Annie Moore. Shida ni kwamba kumtafuta Annie Moore kati ya Waayalandi wa Marekani ni sawa na kusimama Darajani, Unguja, ukaita Fatma Ali. Watakaogeuka ni wengi.

Mwaka 1993 Rais wa Ayalandi, Mary Robinson, alizindua sanamu mbili za Annie zilizochongwa na Jeanne Rynhart, moja Kisiwa cha Ellis na nyingine Cobh, bandari aliyoondokea. Robinson ndiye rais aliyeweka taa dirishani mwa ikulu ya Dublin iwake usiku kwa ajili ya Waayalandi walio mbali. Mwaka 1995 alihutubia mabaraza yote mawili ya Bunge la Ayalandi kuhusu diaspora, akataja watu milioni 70 duniani wenye asili ya Ayalandi. Hesabu hiyo ni ya nchi ambayo watu wake hawafiki hata milioni 6.

Chanzo cha kutawanyika huko kinajulikana. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi mashambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi, mchana na jioni. Hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni wengine walikuwa wamepanda meli. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8 na ushei. Kisiwa kizima, kaskazini na kusini, hakijarudia idadi hiyo mpaka leo.

Annie alizaliwa njaa ikiwa imepita zaidi ya miaka 20, lakini kuhama kulikuwa kumeshageuka desturi. Mmoja hutangulia, akafanya kazi, akatuma nauli, mwingine akafuata. Baba yake Matthew na mama yake Julia walikuwa wameshafika New York, na watoto watatu waliobaki walikuwa zamu ya mwisho. Meli yao, Nevada, iling'oa nanga tarehe 20 Desemba 1891, kwa hiyo Krismasi iliwakuta katikati ya bahari. Bandari ya Cobh wakati huo iliitwa Queenstown, kwa heshima ya Malkia Victoria aliyeitembelea mwaka 1849. Waayalandi walipojitawala walilirudisha jina la Cobh. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, kati ya 1848 na 1950 watu milioni 2.5 walipitia hapo kwenda ughaibuni.

Vijijini, hasa magharibi ya nchi, usiku wa kuamkia safari majirani walikesha nyumbani kwa anayeondoka. Walikula, wakanywa, wakacheza, kisha alfajiri wakalia kwa sauti. Mkesha huo waliuita kwa jina lilelile la mkesha wa maiti, wakaongeza neno moja tu: matanga ya Marekani. Mswahili humsindikiza msafiri wake kwa dua ili arudi salama. Wale walimwekea matanga angali hai kwa sababu walijua harudi. Na waliokuwa wakiondoka hawakuwa wanaume peke yao. Kwa Waayalandi, wasichana wasio na mume walihama karibu sawa na wavulana, tofauti na mataifa mengi ya Ulaya, wakaenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za matajiri wa Boston na New York. Akiba yao ndiyo iliyowalipia nauli wadogo zao.

Turudi kwa Annie. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alikuwa akikusanya habari za wahamiaji kwa ajili ya filamu, akaamua kuhakikisha habari za yule wa Texas. Alichokikuta kwenye nyaraka kilimshangaza: Annie wa Texas alizaliwa Illinois. Mtu aliyezaliwa ndani ya Marekani hashuki Kisiwa cha Ellis kama mhamiaji. Basi kama si huyu, ni yupi? Mwaka 2006 Smolenyak alitangaza kwenye intaneti zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta ushahidi. Wapekuzi wa nyaraka wakaingia kazini, akiwemo Brian Andersson, kamishna wa kumbukumbu wa jiji la New York. Ufunguo ukawa mdogo wake Annie: hati ya uraia ya Philip iliwaelekeza kwa kizazi chake, na kizazi kikawaelekeza kwa dada. Kosa lililodumu kwa miaka mingi likarekebishwa kwa wiki chache, na mwezi Septemba matokeo yakatangazwa.

Annie Moore hakwenda Texas. Hakwenda popote. Kutoka kisiwani alivuka maji kwenda kwa wazazi wake Mtaa wa Monroe, upande wa kusini-mashariki wa Manhattan, mtaa wa vyumba vya kupanga vilivyosongamana, na katika eneo hilohilo aliishi mpaka kufa. Mwaka 1895 aliolewa na Joseph Augustus Schayer, kijana wa asili ya Kijerumani. Alizaa watoto wasiopungua 10, na watano tu ndio waliofika utu uzima. Alikufa mwaka 1924 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika makaburi ya Calvary, Queens, bila jiwe.

Wapo waliosikitika kusikia hayo, kana kwamba wameibiwa simba wakapewa paka. Mimi naona kinyume chake. Yule wa Texas alikuwa Mwayalandi wa hadithini: apanda farasi, aolewa katika ukoo wenye jina, afa kwa kishindo. Wa kweli alifanya walichofanya maelfu, akazika watoto, akalipa kodi ya nyumba mwezi kwa mwezi, akachanganya damu na mtoto wa wahamiaji wengine. Alisahaulika kwa kuwa alibaki palepale kila mtu alipokuwa akipita. Watu walimtafuta maelfu ya kilomita, kumbe kaburi lake lilikuwa ng'ambo ya mto tu.

Na si kwa Annie peke yake karatasi imekuwa adimu. Anayetafuta asili yake Ayalandi hukutana na tarehe moja: 30 Juni 1922. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Dublin, na siku hiyo hazina ya nyaraka za taifa katika majengo ya mahakama ya Four Courts ililipuka ikateketea. Ziliungua kumbukumbu za karne 7, zikiwemo takriban sensa zote za 1821 hadi 1851. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikungoja moto, kwa maana serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Lililo chungu zaidi ni la daftari za Kanisa la Kianglikana la Ayalandi: parokia nyingi zilikuwa zimezipeleka Dublin ili zihifadhiwe salama, na zilizopelekwa ndizo zilizoungua. Zilizobaki kabatini kwa makasisi zilipona.

Daftari za namna hiyo, zilizobaki kijijini, ndizo zilizomgusa hata msomaji wa Kogelo, Kenya, alikotoka baba yake Barack Obama. Huyohuyo Smolenyak, mwaka 2007, alifuatilia nasaba ya mama yake Barack Obama mpaka kwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu aliyeondoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850 akiwa na miaka 19. Kasisi wa eneo hilo alifukua vitabu vya kanisa, na majina yakawamo. Mei 2011 rais wa Marekani, mtoto wa Mjaluo wa Siaya, alikuwa ndani ya baa ya Moneygall akinywa bia na wanakijiji, kijiji cha watu wapatao 300. Kisha Dublin akatania kwamba amekuja kutafuta ile ritifaa iliyopotea katika jina la O'Bama. Leo pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Limerick kuna kituo cha mafuta na migahawa kiitwacho Barack Obama Plaza. Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini njaa iliyomfukuza Kearney ndiyo inayouza chipsi pale leo, na hilo sina hakika kama ni la kuchekesha.

Mwezi Oktoba 2008 Annie naye alipata jiwe lake, msalaba wa Kiselti wa mawe ya chokaa yaliyoletwa kutoka Ayalandi. Wajukuu na vitukuu walikusanyika Calvary, wengine wakiwa hawajawahi kuonana, kwa sababu hadi miaka miwili nyuma hawakujua kwamba ni ndugu. Makaburi yale yako mahali pa juu kidogo. Ukisimama pale ukatazama magharibi, majumba marefu ya Manhattan yanaonekana.