Mtu Mzima na Baiskeli ya Utoto

Msomaji mpenzi, huenda nawe ulijifunza kupanda baiskeli kama nilivyojifunza mimi. Baiskeli ilikuwa ya babu, ndefu na nzito, na miguu yangu haikufika kwenye pedali nikiketi juu ya kiti. Basi nilipitisha mguu mmoja chini ya upau wa juu, nikaenda upande upande kama kaa, nikaanguka, nikainuka. Mtoto alikuwa akipambana na chombo cha mtu mzima. Leo nataka kukusimulia habari ya watu wenye shida iliyo kinyume cha hiyo: watu wazima wanaopambana na baiskeli ya mtoto.

Habari hii yaanza katika jimbo la California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijana wa huko walitamani pikipiki, lakini umri na fedha haviwaruhusu. Walichukua baiskeli ndogo zenye magurudumu ya inchi 20, wakazitia usukani uliopanda juu kama pembe za ng'ombe, na kiti kirefu chenye umbo la ndizi. Kazi hiyo waliifanya kwa spana na mikono yao wenyewe.

Al Fritz, mkubwa mmoja katika kiwanda cha Schwinn mjini Chicago, alipata habari za mtindo huo. Mwaka 1963 kiwanda hicho kikatoa baiskeli iliyoitwa Sting-Ray, nayo ikapendwa mno. Mwaka 1968 zikafuata zile za jamii ya Krate: gurudumu la mbele la inchi 16, la nyuma la inchi 20, springi mbele, na mkono wa gia juu ya upau kama ule wa motokaa. Huko Uingereza, kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilijibu kwa baiskeli yake iitwayo Chopper. Zote hizi zikaitwa baiskeli za misuli, kwa kufananishwa na motokaa zenye nguvu nyingi za siku zile.

Kila mtindo una siku zake. Baiskeli za Krate zilikoma kutengenezwa mwaka 1973, na vijana wakageukia baiskeli za mashindano ya vumbini. Lakini mapenzi ya utotoni hayafi upesi. Mvulana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1968 alitimiza miaka 60 mwaka 2018. Mtu kama huyo akiipata baiskeli ya utoto wake katika banda la zamani, huisafisha, huitia mafuta, kisha huipanda kwa furaha. Mara huona magoti yake yakielekea kugonga usukani, na mapaja yakichoka kabla ya kufika mbali. Baiskeli ni ile ile, mwili umebadilika.

Afanyeje? Kwanza hutia chuma kirefu zaidi cha kushikilia kiti, hata goti likunjike kidogo tu pedali iwapo chini kabisa. Chuma hicho sharti kiingie vya kutosha ndani ya bomba la fremu, ama sivyo kitapinda au kuvunjika. Kwa kuwa kiti cha ndizi hushikwa nyuma na vyuma viwili vitokavyo kwenye ekseli, navyo hubadilishwa kwa virefu zaidi. Kisha usukani huinuliwa ili magoti yapate nafasi. Wengine hutia mikono mirefu ya pedali. Lakini hapo yafaa hadhari, maana pedali hushuka karibu na ardhi, na kwenye kona huweza kuigusa. Tena mtu mzima ni mzito, na kiti kimekaa nyuma na juu. Akipanda mlima kwa pupa, gurudumu la mbele huinuka. Watoto waliupenda mchezo huo, lakini mifupa ya mzee haiupendi.

Wapo wasio na subira. Hao hukata fremu na kuunga vipande vya chuma ili irefuke. Najua uchungu wa jambo hilo. Nilipotoka chuo cha ualimu nilirithi ile baiskeli ya babu. Kwa kuwa mimi ni mfupi, nilimwambia fundi mmoja akate bomba la kiti inchi tatu. Alikata kama nilivyoagiza. Kosa lilikuwa langu. Miaka miwili baadaye ndugu yangu mrefu aliiomba, na haikumfaa. Pale palipokatwa palikuwa pameshika kutu, na fremu ikapasuka papo hapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Ningalibadilisha kiti tu, baiskeli ya babu ingalikuwapo hata leo.

Pengine utaniuliza: je, baiskeli hizi hazikuzaliwa kwa kubadilishwa? Naam, ndivyo. Kwa hiyo simlaumu abadilishaye. Afuata desturi ya wale vijana wa California. Ila wao walifunga na kufungua kwa spana, na walichofunga chaweza kufunguliwa. Mwenye busara leo hufanya vivyo hivyo, kisha huviweka vipuri vya asili katika sanduku pamoja na karatasi inayoeleza kila kimoja kilitoka wapi. Rangi ya zamani na namba iliyopigwa kwenye fremu ni maandishi ya historia. Ukiyafuta hayaandikiki tena.

Basi, kijana msomaji, likizo ijayo tazama vyombo vya kale vilivyomo nyumbani kwenu: baiskeli, cherehani, redio. Vitumie, na ikibidi vibadilishe vikufae. Lakini kabla hujashika msumeno, jiulize kama atakayekuja baada yako ataweza kurudisha ulichoondoa.