Makumbusho ya Reli Nyembamba ya Tywyn: Taasisi Iliyojengwa kwa Kujitolea

Tywyn ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, unaotazama Ghuba ya Cardigan. Hapo ndipo ilipo stesheni ya Wharf, mwanzo wa reli ya Talyllyn, na ndani ya eneo la stesheni hiyo limesimama jengo la Makumbusho ya Reli Nyembamba. Reli ya Talyllyn ina upana wa milimita 686 tu. Aliyezoea reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, au Reli ya Kati ya Tanzania, zenye upana wa mita 1, ataiona hii kuwa ndogo sana. Lakini udogo huo ulikuwa na sababu zake: njia nyembamba hukata kona kali, hupita kwenye mabonde yaliyobana, na gharama ya kuijenga ni nafuu.

Makumbusho haya ni mtoto wa reli hiyo, kwa hiyo historia yake inaanzia kwenye mawe. Juu milimani, katika machimbo ya Bryn Eglwys, yalichimbwa mawe ya sileti, yale yanayopasuliwa kuwa vigae vyembamba vya kuezekea nyumba. Reli ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kuyateremsha hadi Tywyn, ambako yalihamishiwa kwenye mabehewa ya reli kubwa ya pwani. Injini zake mbili za kwanza, Talyllyn na Dolgoch, zilitengenezwa Whitehaven, kaskazini mwa Uingereza, na abiria nao wakaanza kusafirishwa.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa Merioneth. Biashara ya sileti ilizidi kudorora, na mwishoni mwa Desemba 1946 sehemu ya machimbo iliporomoka, kazi ikakoma. Sir Haydn alikuwa ameahidi kwamba maadamu yu hai, treni itatembea. Alitimiza ahadi hiyo, ingawa reli haikumletea faida. Mataruma yalikuwa yameoza, majani yamefunika njia, na mzigo wote ukawa wa Dolgoch peke yake. Mzee alifariki Julai 1950. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, hapo ndipo hadithi ilipaswa kuishia.

Haikuishia. Tarehe 11 Oktoba 1950, mwandishi L. T. C. Rolt na wenzake waliitisha mkutano katika hoteli moja mjini Birmingham. Waliokuja walikubaliana kuunda chama cha kuiendesha reli hiyo kwa nguvu za watu wa kujitolea. Hapakuwa na mfano wa kuiga, kwa sababu hakuna reli nyingine duniani iliyokuwa imewahi kuokolewa kwa njia hiyo. Mei 1951 treni za kwanza za chama ziliondoka Wharf. Mwaka huohuo zilinunuliwa injini mbili kutoka reli jirani ya Corris, iliyofungwa mwaka 1948, nayo ikiwa na upana uleule.

Ununuzi huo ulionyesha hali halisi: reli nyembamba zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, na vifaa vyake vikiishia kuwa chuma chakavu. Kuokoa njia moja hakukutosha. Mwaka 1956 kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin kilitoa injini yake namba 13, na hiyo ikawa msingi wa mkusanyiko wa makumbusho.

Inafaa kuitazama injini hiyo kwa karibu. Ilitengenezwa mwaka 1895 kwa ramani ya Samuel Geoghegan, mhandisi wa kiwanda. Silinda zake aliziweka juu ya boila, mbali na matope na vumbi la ua wa kiwanda. Tena, injini nzima iliweza kuinuliwa kwa winchi na kuteremshwa ndani ya toroli maalumu. Magurudumu yake yakizunguka humo, yaliyazungusha magurudumu ya toroli, na injini ya njia nyembamba ikavuta mabehewa ya reli pana ya Ireland. Hiyo ni akili ya fundi aliyeijua kazi yake barabara.

Jirani zake nazo zina ya kusimulia. George Henry ya mwaka 1877, yenye boila la kusimama wima, ilifanya kazi katika machimbo ya Penrhyn. Dot ya mwaka 1887 ilihudumu ndani ya karakana ya Beyer Peacock jijini Manchester. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyovuta treni ya mfalme. Zilibeba mawe, mapipa na vyuma, na kwa sababu hiyohiyo zingesahaulika upesi.

Ndani ya jengo kumepangwa pia chumba cha kazi cha Mchungaji W. Awdry, mtunzi wa hadithi za injini Thomas. Mwaka 1952 alikuja Talyllyn kujitolea kama gadi, na siku moja akaruhusu treni iondoke huku mama muuza vinywaji akiwa bado stesheni. Tukio hilo aliligeuza kuwa hadithi ya watoto.

Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2005. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza mandhari ya sileti ya kaskazini-magharibi mwa Wales, pamoja na reli ya Talyllyn, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa hiyo ni haki ya wachimbaji na mafundi wa zamani, na ni haki pia ya wale waliotoa likizo zao kubadilisha mataruma, kufyeka majani na kupaka mafuta vyuma ambavyo wengine walikwisha kuvihesabu kuwa takataka. Waliamini kwamba kazi ya mtu wa kawaida ni historia, na inastahili kutunzwa. Reli nyingi zimeokolewa baada yao katika nchi mbalimbali. Tywyn ndiko zilikojifunza kwamba jambo hilo linawezekana.