Dhima ya kutoonya

Sheria ya fidia kwa madhara ya bidhaa hutambua kasoro za namna tatu. Ya kwanza ni ya utengenezaji: chupa moja ya soda imetoka kiwandani na kipande cha kioo ndani yake. Ya pili ni ya ubunifu: kila jiko la aina fulani hulipuka kwa sababu lilibuniwa vibaya tangu mwanzo. Ya tatu haimo ndani ya bidhaa. Bidhaa ni nzima, inafanya kazi yake, ila aliyeiuza alijua, au alipaswa kujua, kwamba ina hatari iliyojificha, naye hakumwambia mnunuzi. Jina la Kiswahili la kasoro hii ya tatu ndilo linalonishughulisha, na mmea wenye sumu huifafanua vizuri kuliko bidhaa nyingine, kwa sababu mnyaa unaopofusha watu ni mnyaa wenye afya njema. Hakuna fundi wa kulaumiwa.

Vunja kitawi cha mnyaa na utomvu mweupe utachuruzika papo hapo. Ukigusa ngozi huwasha na kuibabua. Ukiingia jichoni, maumivu ni makali, jicho huvimba na kuwa jekundu, na mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila kuona sawasawa. Anayepogoa akafuta jasho usoni kwa mkono uleule ameshaumia. Vijijini ambako mnyaa ndio uzio wa boma, jambo hili hufundishwa watoto mapema. Mjini mche huohuo unauzwa kando ya barabara ndani ya kiriba cheusi cha plastiki, bila neno, au ndani ya chungu cha kupendeza, na lebo yenye jina la Kilatini na bei tu. Hatari inayojulikana na kila mtu haihitaji onyo. Muuza visu halazimiki kuandika kwamba kisu hukata. Kwa mwanakijiji, mnyaa ni kisu. Kwa mpangaji wa ghorofa aliyeupenda kwa umbo lake, sivyo, na hapo ndipo wajibu wa muuzaji unapoanzia.

Wajibu huo una historia, na sehemu yake nzito ilitokea Scotland. Mtoto wa miaka 7 alikula matunda ya belladona katika bustani ya mimea ya Glasgow, iliyokuwa wazi kwa umma, akafa. Matunda ya belladona ni meusi, yanang'aa, na ladha yake ina utamu. Mtoto hana sababu ya kuyaogopa. Baba yake alidai kwamba halmashauri ya jiji ilijua matunda yale yana sumu, lakini haikuweka kizuizi cha maana wala onyo ambalo mtoto angelielewa. Shauri hilo, Glasgow Corporation dhidi ya Taylor, lilifika hadi kwa majaji wa Bunge la Mabwana, na katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1922 walikubali kwamba madai ya namna hiyo yana msingi wa kisheria. Uangalifu unaodaiwa hupimwa kwa udhaifu wa yule unayejua atapita mbele ya hatari yako. Miaka kumi baadaye, katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, lililoanzia Paisley, karibu na Glasgow, kwa habari za konokono ndani ya chupa ya kinywaji, majaji wa Bunge hilohilo waliamua kwamba mtengenezaji anawajibika hata kwa mtu ambaye hakununua kwake. Mwenye shauri alikuwa amenunuliwa kinywaji na rafiki. Kwa hiyo aliyezawadiwa mche naye ana pa kuanzia.

Ila mashauri hayo yalimtaka mlalamikaji athibitishe uzembe. Mwaka 1985 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lililomwondolea majeruhi mzigo huo kwa bidhaa zenye kasoro, na Uingereza ikalitekeleza kwa sheria ya mwaka 1987, ambayo inataja wazi maelekezo na maonyo miongoni mwa mambo ya kupima usalama wa bidhaa. Mazao ghafi ya shamba yaliachwa nje. Yaliingizwa kwa agizo la mwaka 1999, baada ya taharuki ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliotikisa imani ya walaji wa nyama.

Sasa jina. Wanasheria wengi wakitafsiri huandika "kushindwa kuonya". Naipinga tafsiri hiyo. Mtu akikwambia "nimeshindwa kuja jana", anakuomba radhi: alitaka, akazuiwa. Muuzaji ambaye "ameshindwa kuonya" ameshapewa nusu ya utetezi wake na sentensi ya mlalamikaji mwenyewe. "Kuacha kuonya" nako kunapotosha, maana anayeacha kitu alikuwa akikifanya. Kinachobaki ni "kutoonya", kukanusha kwa kawaida kusikoongeza kisingizio wala nia mbaya. Mbele yake naweka "dhima", si "hatia": hatia ni ya jinai, na hapa hakuna anayepelekwa jela, kuna anayelipa. Wala si "wajibu", kwa kuwa wajibu hutangulia na dhima hufuata wajibu usipotimizwa.

"Onyo" nalo lina masharti. Jina la kitaalamu si onyo. "Tahadhari" iliyoandikwa peke yake haitoshi pia, kwa sababu haisemi ujihadhari na nini. Onyo kamili hutaja kinachodhuru, kinadhuru wapi, na la kufanya: utomvu huunguza macho, vaa glavu unapokata, ukiingia jichoni osha kwa maji mengi na uende hospitali, weka mbali na watoto. Maneno hayo yanaenea kwenye lebo ya ukubwa wa vidole gumba viwili. Uingereza chama cha wafanyabiashara wa bustani, Horticultural Trades Association, huwapa wanachama mwongozo wa mimea ya kuandikiwa onyo. Na lazima lugha iwe ya mnunuzi.

Mdai bado ana kazi. Athibitishe kwamba angeonywa asingeumia. Aliyeambiwa kwa mdomo akapuuza atapunguziwa fidia au kuikosa kabisa. Akiweza, nchini Kenya Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa na haki ya kufidiwa kwa kasoro za bidhaa. Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo tafsiri ya istilahi hii imekuwa sehemu ya shauri lenyewe. Katika hati ya madai ningeandika hivi: mdaiwa alijua kwamba utomvu wa mmea alioniuzia hudhuru macho, alijua kwamba mimi silijui hilo, na hakunionya.